Otilia Anakula Jikoni

Nyinyi mnaosimama kibandani kwangu Msimbazi kila asubuhi na kuniambia, "Gaudensi, hebu tupe habari za Ujerumani," mmenichosha. Nikianza kusimulia, mwingine anatokea katikati na kutaka nianze upya, na viatu vya watu vinalala chini havijashonwa. Basi naandika mara moja. Atakaye asome, asiyejua kusoma asomewe. Mambo ya pasi na tiketi nayaruka. Aliyeyahangaikia ni shemeji Dieter, si mimi.

Kutoka Msimbazi

Kisa mnakijua nusu. Dada yangu Otilia aliolewa na Dieter, yule Mjerumani mrefu aliyekuja kufundisha ufundi wa mitambo bandarini. Waliandikishwa Bomani, tukala pilau kwa mama Mtaa wa Swahili, wakaondoka. Wazazi wa bwana harusi hawakuwepo. Ujerumani Mashariki si Kibaha. Mama alinung'unika siku ileile: "Mwanangu anakwenda kwa wakwe wasiomjua, na hapana mtu wetu wa kumfikisha." Tukamwambia hayo ni mambo ya zamani, mama, sasa hivi ni ndege.

Kisha akarudi kijana mmoja wa Masasi aliyekuwa masomoni huko, akapita kutusalimu. Alikuwa amemtembelea Otilia. Mzima, akasema, amenenepa kidogo, ila… akatafuta maneno, akajikuna kichwa. "Ila anakula jikoni. Wenyewe wanakaa mezani, yeye anachukua sahani yake anakwenda jikoni peke yake, kama mtumishi."

Lo! Na mnamjua mama yangu. Dieter alipoleta tiketi, kwamba mtu mmoja wa kwetu aende kula nao Krismasi, mama aliniita ndani akafunga mlango.

"Gaudensi, wewe ndiye mjomba wa watoto watakaozaliwa. Ukikuta ni kweli mwanangu anakula jikoni, usinirudie peke yako."

"Ndiyo, mama."

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumvuta Otilia kwa mkono mmoja na kumtia Dieter kibao kwa mkono mwingine. Hata hivyo mtu haendi ukweni mikono mitupu. Mchele niliupangia foleni duka la ushirika mpaka miguu ikafa ganzi. Nikachukua nazi, dagaa, doti ya kanga kwa mama mkwe wa Otilia, na kwa baba mkwe nikashona makubazi kwa mkono wangu, ngozi laini, nyuzi mbili. Mguu wake sikuujua, nikakisia kwa urefu wa Dieter.

Angani

Ndege ilitua nchi moja ya Kiarabu kutia mafuta, ikagoma kuondoka. Tulikaa kwenye viti vya chuma tangu jua linachomoza mpaka linatua, tukinywa chai ya vibilauri. Jirani yangu alikuwa Mchaga mmoja wa mambo ya kahawa, mtu wa safari nyingi, akanieleza kila kitu ambacho sikumwuliza. Alipotazama viatu vyangu akacheka: "Ndugu, wewe ni fundi viatu na unakwenda kwenye theluji na hivyo?" Nilivishona mwenyewe, vimetobolewatobolewa juu kwa urembo, ndiyo mtindo wa sasa. Nikamwambia ashughulike na kahawa yake.

Forodhani Berlini afisa alichomoa nazi mzigoni. Akaitikisa. Akasikia maji, akasimama wima. Akamwita mwenzake, naye akaitikisa. Akaja mkubwa wao, naye akaitikisa akiwa ameiweka sikioni. Wote watatu wakanitazama kwa macho ya polisi. Mimi Kijerumani sina, nikachukua nazi mkononi mwa mkubwa, nikaigonga pembeni mwa kizingiti. Kraa! Maji yakawarukia viatu. Nikanywa yaliyobaki, nikampa mkubwa kipande atafune. Akatafuna muda mrefu, akafikiri, kisha akanionyesha mlango, na nazi nyingine hazikuguswa.

Treni kubwa na treni ndogo

Dieter alikuwa amesimama nje na koti la ziada mkononi. Kibao nilikuwa nimemwekea tayari, lakini mtu akikuvika koti kabla hujamaliza kutetemeka utampigaje? Nikaahirisha. Njiani nilimwitikia kwa mkato tu, ndiyo, hapana, naye akadhani ni baridi.

Treni kubwa ilitufikisha kusini. Tukapanda treni ndogo ya kwenda milimani, karibu na mpaka wa Cheki, na huko ikakwama. Theluji ilikuwa imeziba reli mbele. Sasa niwaambie theluji ilivyo, maana mmeuliza wote: ni kimya. Mvua ya kwetu ikija, na maji ya Jangwani yakipanda, unaisikia na watu wanapiga kelele. Hii inashuka tu, hakuna anayepiga kelele, na ukitazama tena uzio haupo.

Mbele yetu alikaa bibi mmoja na kapu. Alipoona tumekwama akatandika kitambaa magotini, akatugawia mayai ya kuchemsha na mkate uliopakwa mafuta ya nguruwe badala ya siagi. Mtamu, sitawaficha. Akawa anauliza na Dieter anatafsiri. Natoka wapi? Nashona nini? Dada yangu anaitwa nani? Aliposikia Otilia akapiga paja. Bibi yake mzaa mama aliitwa hivyohivyo, akasema, na siku hizi hakuna binti mwenye jina hilo mlima mzima. Nikamweleza kwamba mapadri wa Kijerumani kule kusini kwetu walibatiza watu majina hayo mpaka yakawaishia, na kuna akina Otilia kila kijiji. Alicheka, ndipo akasema neno ambalo Dieter hakulitafsiri. Masikio yake yakawa mekundu.

"Amesema nini?"

"Anamfahamu Otilia. Mji mdogo."

"Na nini tena? Ametaja zaidi ya hapo."

Dieter akatazama dirishani. "Amesema, ah, ndiyo yule aliyeinuka mezani."

Kuinuka mezani! Nikajiuliza, watu wa huku huinukia wapi, kitandani? Nikamtaka anieleze. Akasema nyumbani, shemeji, nyumbani. Treni ikaanza kwenda.

Mji uliokaa juu ya mashimo

Jina la mji huo limenishinda, msiniulize. Tulifika giza limeingia, na kumbe ilikuwa saa kumi na moja ya jioni. Nilichokiona sijawahi kuona: kila dirisha lina taa. Kila nyumba, toka bondeni mpaka juu, upinde wa mbao wenye mishumaa, na kando ya upinde vinyago viwili vitatu vimeshika taa mkononi. Nikasimama pale stesheni theluji inaingia kwenye matundu ya viatu, nikasahau hasira.

Dieter akanieleza tukipanda mlima. Mji mzima ulizaliwa kwa mgodi. Fedha kwanza, kisha bati, kisha madini mengine, mababu kwa wajukuu. Majira ya baridi mchimbaji aliingia shimoni gizani na kutoka gizani. Jua aliliona Jumapili. Kwa hiyo mwezi huu kila mke aliweka taa dirishani ili mtu wake aone nyumba iko wapi. Vinyago vile navyo vinasema: mchimbaji mmoja kwa kila mtoto wa kiume wa nyumba hiyo, malaika mmoja kwa kila mtoto wa kike. Unapita njiani unajua kwa fulani wamezaa wangapi. Nilifikiria Kariakoo tukifanya hivyo, madirisha yasingetosha.

Pahali pengine njia ilizungushiwa uzio maana ardhi ilikuwa imetitia. Chini ya kanisa kuna njia za wachimbaji, chini ya shule kuna njia. Mgodi wenyewe umefungwa. "Mwaka huu, kabla ya Pasaka," Dieter alisema. Baba yake alikuwa kwenye zamu ya mwisho.

Nyumbani kwao dirishani kulikuwa na mchimbaji mmoja tu, yaani Dieter. Otilia akafungua mlango, tukakumbatiana, akalia, nikalia. Mama mkwe, mwanamke mfupi wa aproni ya buluu, alinipa mkono vizuri. Mzee akatoka chumbani akikohoa, kile kikohozi cha vumbi la mawe, akanisalimia salamu ya wachimbaji ambayo mji mzima wanaitumia, ya kumtakia mtu bahati huko shimoni na atoke salama.

Chakula kikaletwa, viazi na supu. Mzee akavuta kiti. Na mimi na macho yangu haya nikamwona dada yangu akichukua sahani yake, akainamisha kichwa, akaenda jikoni.

Nikachukua yangu nikamfuata.

"Funga mizigo," nikamwambia. "Mama kasema nisirudi peke yangu."

"Wewe Gaudensi, una wazimu?"

"Wanakulisha jikoni kama boi!"

Akaweka kijiko chini. "Nani kakwambia wananilisha? Nimekuja mwenyewe. Ulitaka nikae mbele ya baba mkwe, nipanue mdomo, nitafune, na hajanitoa haya? Hivyo ndivyo mama alivyotulea?"

Jamani, nilikaa chini kwenye ndoo.

Kwa ninyi msio wa kusini, niwaeleze. Kwetu mwanamke hali mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hamtaji jina, mpaka mzee mwenyewe amtoe haya. Anampa kitu kwa mkono wake, kilicho chake hasa, mbele ya ndugu mmoja wa mwanamke anayeshuhudia. Siku hiyo ndipo anakuwa mtoto wa nyumba. Basi Otilia alikuwa akingoja. Mwaka mzima na zaidi anangoja kitu ambacho hakuna mtu mji mzima aliyejua kwamba kinangojwa.

"Si ungemwambia Dieter?"

"Nimwambie nini, baba yako anipe zawadi? Nijiombee? Hiyo siyo haya yenyewe? Ndiyo maana nikamwomba tiketi, aje mtu wetu. Ila sikujua utakuja na ujeuri."

Na kuinuka mezani? Hapo akaziba uso. Krismasi iliyopita alipangiwa kiti. Usiku huo wa mkesha wana chakula chao cha wachimbaji, vyakula tisa meza moja, na mwiko wake ni kwamba hakuna anayeinuka mpaka wote wamalize, isipokuwa mama mwenye nyumba. Atakayeinuka anailetea nyumba balaa. Otilia hakuambiwa. Mzee alipovuta kiti, yeye akainuka kwa heshima zake zote, akaenda jikoni. Kabla ya Pasaka mgodi ukafungwa, na kikohozi cha mzee kikazidi.

"Hawanigombezi," akasema. "Lakini mwaka huu mama mkwe ameniambia sahani yangu ataiweka jikoni tangu mwanzo. Ili nisiinuke."

Hapo hasira yangu yote haikujua imwelekee nani. Wao waliona anawadharau, yeye aliona anawaheshimu. Nikasema, dada, nimekuja kwa kazi hiyo, niachie mimi. Na asubuhi yake nikaiharibu.

Banda la mzee

Mzee ana banda nyuma ya nyumba, ana mashine ya kuchonga mbao, maana wachimbaji wa huko mgodi ukinywea hushika mbao. Nikaingia kumwamkia. Hatukuwa na lugha, tukawa tunaonyeshana vyombo, patasi hii, msasa huu, tukacheka. Ndipo nikaiona ngozi. Imetundikwa ukutani, nusu duara, nyeusi, imeshonewa mkanda. Fundi ni fundi, mkono ukaenda wenyewe. Ng'ombe dume, nene, imezeeka vizuri. Nikamwonyesha mzee: nikakata kwa vidole viwili kama mkasi, katikati ya ngozi, nikaelekeza miguuni kwake. Yaani, mzee wangu, hapa natoa ndala mbili safi, na kipande cha kisigino kinabaki.

Uso wake ukawa kama nyanya. Akainyakua, akaanza kukohoa, akaitundika juu kabisa nisikofika, akanionyesha mlango.

Dieter aliponieleza nilitamani moja ya mashimo yao linimeze. Ile ndiyo ngozi ya mchimbaji. Huifunga nyuma, makalioni. Shimoni hushuka kwa kuteleza juu yake, huikalia kwenye mawe yenye maji, akipumzika, akila. Siku ya gwaride huivaa mbele ya watu. Zamani mchimbaji aliyefanya la aibu alivuliwa ngozi ile hadharani, na hapo si mchimbaji tena. "Babu yangu alivaa hiyo, kisha baba," Dieter akasema. "Na wewe unataka kutengeneza viatu."

"Kwa hiyo nimekata heshima yake nikafanya ndala."

"Kidogo," akasema Dieter, ambaye ni mpole.

Mkesha ulikuwa kesho yake. Nilifikiria kumsubiri mzee apoe, lakini siku ya kusubiri haikuwepo. Asubuhi ya mkesha nikamkokota Dieter mpaka bandani atafsiri, nikachuchumaa, nikatoa makubazi kwa mikono miwili. Mzee akayatazama, wazi mbele, wazi nyuma. Akatazama dirishani, theluji imefika kwenye kizingiti. Akaanza kucheka mpaka kikohozi kikamshika, tukampiga mgongo.

Nikaona hapohapo ndipo pa kusema. "Mwambie dada yangu hakumdharau," nikamwambia Dieter, nikaeleza yote: kwa nini haketi, kwa nini hatazami, kwamba kuinuka kwake ilikuwa heshima. "Mzee ampe kitu kwa mkono wake, nione kwa macho yangu. Kwetu wengine hutoa kuku, wengine shuka. Kitu chochote kilicho chake."

Mzee akauliza jambo moja tu. Kwa nini mwenyewe hakusema?

"Mwambie, angesema ingekuwa anaomba."

Mzee akageukia mashine yake akawasha. Dieter akainua mabega, tukatoka, nami nikaenda kumwambia Otilia aanze kukunja nguo, maana sikuona dalili. Akakunja nguo moja, akaikunjua, akaikunja tena.

Vyakula tisa

Saa kumi na nusu jioni tayari giza. Mama mkwe alikuwa ametandaza majani makavu chini ya kitambaa cha meza, akapanga mkate na chumvi, akapakua kila kitu mbele ili kusiwe na sababu ya mtu kuinuka. Soseji, nyama ya bata bukini, madonge ya viazi, kabichi kali la kugandisha mashavu, dengu kabisa kama za kwetu, uji wa punje ndogo mfano wa uwele, uyoga, viazi sukari vyekundu, na maziwa yenye mkate uliolowekwa. Sahani mezani nne. Ya tano jikoni. Otilia alisimama mlangoni pa jikoni, kajifunga moja ya zile kanga nilizomletea mama mkwe, maana mama mkwe alimpa ile ya pili wavae pamoja. Wamevaa doti moja na hawali meza moja. Iliniuma sana.

Mzee akaingia wa mwisho. Ngozi iko mkononi.

Hakuja mezani. Akaenda moja kwa moja mpaka mlangoni pa jikoni, akampa Otilia ile ngozi kwa mikono miwili, kama alivyoniona mimi nikifanya.

Mungu wangu! Nyinyi mnaelewa. Kwetu mke wa mwana haruki hata mkeka aliokalia baba mkwe. Na huyu anampa mke wa mwanawe kitu cha makalioni mwake, mwenyewe, mkono kwa mkono, mbele ya watu! Otilia aliijua ile ngozi ni nini. Akanitazama mimi. Macho yake yanauliza, kaka, hii ni zawadi au ni matusi? Na shahidi ni mimi. Dieter kainama, mama mkwe kashika chupa ya chumvi haishushi. Nikitikisa kichwa, naondoka naye.

Nikanyoosha mkono nikaigusa. Imepakwa mafuta siku hiyohiyo, mpaka kwenye mishono, imelainishwa na mtu aliyekaa nayo muda. Mtu hapaki mafuta hivyo kitu cha kutukania. Nikakumbuka wanavyomvua aliyefanya aibu. Kama kuvuliwa ni aibu, basi kupewa ni heshima.

"Pokea," nikasema.

Otilia akapiga magoti kupokea. Mama mkwe akapiga ukelele akidhani ameanguka. Mzee akaichukua sahani ya jikoni mwenyewe, akavuta kiti kati yake na mimi, akamwonyesha aitandike. Akasema maneno machache na Dieter akatafsiri kwa taabu: "Baba anasema, ukikalia hii hulowi."

Dada yangu akakaa. Akamega mkate, akachovya chumvi, akatia mdomoni, akatafuna mbele ya baba mkwe wake.

Tulikula tukala. Mimi bia ya mzee ilinibana vibaya mno, nikabana miguu, nikatokwa jasho katika nchi ile ya barafu, lakini kuinuka? Thubutu! Mama mkwe alikuwa anachungulia miguu ya kiti cha Otilia kila akijigeuza. Uji ukaisha, maziwa yakaisha, na ngozi ilikuwa bado imekaliwa. Mama mkwe ndiye aliyeinuka wa kwanza, kama inavyotakiwa, akamshika Otilia kichwani akipita, akaenda jikoni akakaa huko kidogo. Nilisikia anapenga kamasi.

Mimi nikakimbia uani, theluji mpaka magotini, na viatu vyangu vya urembo.

Mtaa wa Swahili

Kurudi hakuna la kusimulia ila baridi ya miguu. Teksi iliponishusha Mtaa wa Swahili majirani walikuwa wamejaa barazani, na mama amesimama mlangoni. Hakunitazama mimi. Alitazama nyuma yangu, kwenye teksi, mpaka dereva alipoondoka.

"Nilikwambia usinirudie peke yako."

"Mama, anakula mezani."

"Nani kamweka mezani?"

"Baba mkwe. Amemtoa haya, kwa mkono wake, nimeshuhudia."

"Kampa nini?"

Kuna maneno mtu hayasemi mbele ya mama yake, tena majirani wanasikiliza. Nikamsogelea nikamnong'oneza yote, ngozi, shimo, maji, inafungwa wapi. Akarudisha kichwa nyuma akanikazia macho kama mtu anayetafuta harufu ya pombe. Mkono ukaenda mdomoni. Nikangoja anifukuze.

"Akaikalia?" akauliza taratibu.

"Aliikalia mpaka chakula kikaisha, mama. Hakuinuka."

Mama akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha miguu yote miwili, jambo ambalo sijamwona akilifanya tangu Otilia aondoke.

"Basi," akasema, "sasa ndiyo ameolewa."